Nyayo kwenye sakitu: nilichojifunza nikitunza uwanja wa gofu Mufindi

Siku ya tatu ndipo nyayo zilipojitokeza. Jana yake nilipita grini ya nne, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo, nikaona vivuli tu, sehemu ambazo nyasi ilikuwa kama imechoka kidogo, nikajipa moyo. Asubuhi ile jua lilipovuka mikaratusi, kila hatua ilionekana: unyayo wa kulia, wa kushoto, kisigino, hata vijitundu vya njumu. Ungeweza kumfuata mtu mmoja mmoja tangu alipokanyaga ukingo wa grini, akauendea mpira wake, akachuchumaa kusoma mteremko, akapiga, akauokota shimoni, akaondoka. Chini ya kila unyayo nyasi ilikuwa imegeuka nyeusi, na baada ya siku chache ikawa kahawia kama majani ya chai yaliyosahaulika juani. Nilihesabu hadi mia moja na kidogo nikaacha. Ilikuwa Julai. Nyayo zile zilikaa pale mpaka Septemba, na kila mchezaji aliyepita aliniuliza kulitokea nini.

Kazi yangu ni kutunza nyasi za uwanja wa gofu wa mashimo tisa, katikati ya mashamba ya chai huku Mufindi, mkoani Iringa. Ukimwambia mtu wa Pwani kwamba kwetu nyasi huganda, atadhani unamsimulia Kilimanjaro. Lakini tuko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti usiku wetu ni wa kulala na blanketi mbili. Njombe na Makete ni hivyo hivyo, na Kitulo ni zaidi. Mvua zikishakwisha mwezi wa tano, anga hutakata, upepo hulala, na alfajiri unakuta bonde zima limepauka kama limemwagiwa unga. Hiyo ni sakitu, ingawa wengi wetu huiita barafu tu.

Mimi niliijua sakitu kabla sijaijua gofu. Mama yangu alikuwa mchuma chai, na nikiwa mdogo nilikuwa nikimsindikiza. Kuna mwaka tulifika shambani tukakuta michai ya bondeni yote imeungua. Si kwa moto. Majani machanga yalikuwa yamekauka rangi ya kutu, na ile ya mlimani, hatua mia mbili tu juu yake, ilikuwa ya kijani kama kawaida. Mama alisimama na kapu lake mgongoni akasema, "Baridi imelala huku chini." Nilidhani ni msemo. Miaka mingi baadaye, nilipochukuliwa kibarua uwanjani, ndipo nilipofahamu kwamba alisema jambo kama lilivyo.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja tuliyemwita Babu, foromani wa uwanja kwa miaka mingi, aliyeanza kazi akiwa kedi mtoto, yaani mbeba fimbo za wachezaji. Yeye aliwahi kusikia habari za enzi ambazo viwanja vingi vya bara havikuwa na grini za nyasi kabisa. Palikuwa na duara la mchanga uliochanganywa na oili chakavu, ukisawazishwa kwa ubao kila kundi likipita, na watu waliliita brauni. Babu alisema brauni haikuwa na shida ya sakitu wala ukame, ndiyo maana waliipenda. Tangu nyasi ije, kazi ikawa kuilinda.

Somo la kwanza alilonipa hakunipa kwa maneno. Alinigongea mlango saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwezi wa sita, akaniambia, "Kamwene, binti. Vaa sweta, tushuke." Tulianzia tii ya tatu, yaani mahali pa kuanza kupiga, ambayo iko mgongoni mwa kilima, tukateremka taratibu mpaka grini ya nne. Katikati ya mteremko nilihisi baridi ikinishika vifundoni, halafu magotini, kama mtu anayeingia mtoni. Tulipofika chini masikio yalikuwa yanauma. "Umeona?" akasema. "Baridi ni kama maji. Inatiririka. Inatafuta pa kutuama."

Na pale grini ya nne ilikuwa imejengewa bwawa. Nyuma yake palikuwa na ua mnene wa miti ya misiprasi, uliopandwa zamani ili wapita njia wasiukatize uwanja. Hewa baridi iliyoshuka kutoka kilimani ilifika pale, ikagonga ua, ikajaa. Babu alikuwa ameomba ruhusa ya kukata pengo kwenye ua ule kwa muda mrefu bila kupewa, kwa sababu watu waliuona mzuri. Nilipokuja kuwa foromani mimi, jambo hilo nililishikilia hadi nikalipata. Tuliondoa miti sita upande wa chini kabisa, pengo la upana wa lori moja, na tukapunguza matawi ya chini ya mikaratusi iliyo mashariki ili jua la asubuhi lipenye mapema. Zamani grini ya nne ilikuwa ikibaki na sakitu mpaka saa nne. Sasa saa tatu huwa imeshayeyuka, na kuna asubuhi ambazo grini ya saba inaganda na ya nne haigandi kabisa. Hatukununua hata chupa moja ya dawa kwa ajili hiyo, tulitumia msumeno tu.

Jingine ni kipimajoto. Tulikuwa na kimoja kilichotundikwa ukutani kwenye kibaraza cha klabu, usawa wa macho. Asubuhi kikisoma nyuzi 3 za Selsiasi, watu walisema hakuna barafu leo, maana maji huganda kwenye sifuri. Lakini nyasi haikai usawa wa macho. Usiku wa anga tupu jani hupoteza joto lake likienda juu moja kwa moja, na hewa iliyo jirani na ardhi hupoa kuliko iliyo juu yake. Nilinunua kipimajoto cha pili Mafinga nikakilaza kwenye nyasi za grini. Asubuhi ya kwanza cha ukutani kilisoma 3, cha chini kilisoma sifuri kasoro moja. Tangu hapo sikukiamini tena kile cha ukutani. Na hii ndiyo sababu usiku wa mawingu au ukungu hatuna wasiwasi: ukungu hufunika kama shuka. Wageni huja wakaona ukungu mzito wa Mufindi wakasikitika. Sisi tukiuona jioni tunalala.

Sasa nirudi kwenye zile nyayo.

Babu alikuwa ameshastaafu, nami nina miezi minne tu kwenye nafasi yake. Kundi la wageni lilifika jioni, wachezaji kumi na wawili, nao walikuwa na safari ya kurudi mchana wa kesho yake. Usiku nikapigiwa simu na kiongozi mmoja wa uwanja: wageni wataanza saa moja asubuhi. Nikasema, mkuu, kesho anga limetakata, kutakuwa na sakitu. Akasema, "Mama, ni nyasi tu. Itaota." Mimi nilijua. Babu alikuwa ameniambia mara nyingi kwamba grini iliyoganda haikanyagwi hata na mbwa. Lakini nilikuwa mgeni kwenye cheo, na mkuu ni mkuu. Nikasema sawa.

Asubuhi ile nilisimama pembeni ya grini ya nne nikasikia. Sakitu ina sauti yake inapokanyagwa, mlio wa kukatika kama wa mtu anayetembea juu ya maganda ya karanga. Kila mlio ule ni majani yanayovunjika ndani. Jani la nyasi limejaa maji kwenye vijichumba vyake. Yakiganda, vijichumba vinakuwa vigumu kama kioo, na uzito wa mtu ukishuka juu yake, kuta zake zinapasuka. Jua likija, maji yanatoka, jani linafa. Jani hilo hilo, likiachwa bila kuguswa, likayeyuka polepole, mara nyingi linapona na kuendelea na maisha yake. Kwa hiyo sakitu yenyewe haikuiua grini yetu. Miguu ndiyo iliyoiua, na mimi ndiye niliyefungua mlango.

Watu huuliza kwa nini haikuota tena upesi, kama alivyosema mkuu. Grini zetu ni za ukoka, na ukoka ni nyasi ya joto. Udongo ukipoa, ukoka hupunguza mwendo, na joto la udongo likikaribia nyuzi 10 ukoka unakuwa kama umelala. Rangi inapauka, haikui, kwa hiyo haijitibu. Jeraha la Januari hupona kwa wiki moja na nusu. Jeraha la Julai linasubiri joto. Njiani, yaani kwenye uwanja kati ya tii na grini, tuna nyasi ya kikuyu, ile yenye majani mapana iliyopewa jina la watu wa nyanda za juu za Kenya. Hiyo huzoea miinuko kuliko ukoka, lakini sakitu ikiipiga nayo inaungua ncha. Ndiyo maana nasema kipupwe hakitengenezwi mwezi wa sita. Ukifika mwezi wa sita bila maandalizi, kilichobaki ni kuomba Mungu na kuzuia watu.

Maandalizi yetu huanza Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha. Kwanza ni kutoboa. Tunapitisha uma zenye meno yenye tundu ndani, zinazong'oa vijiti vya udongo vyenye urefu wa kidole, grini nzima, kisha tunafagia vile vijiti na kujaza matundu kwa mchanga uliochekechwa. Udongo wetu ni mwekundu na unashikamana. Miguu ya mwaka mzima inaufanya kama sakafu. Ukitoboa, hewa inaingia, maji yanashuka, mizizi inafuata matundu kwenda chini. Nyasi yenye mizizi mirefu ndiyo inayoingia baridini na akiba. Lazima ifanyike wakati nyasi bado inakua, ili mashimo yafunge kabla ya mwezi wa tano kwisha. Mwaka mmoja mashine ilichelewa kutengenezwa, tukatoboa mwishoni mwa Mei, na mashimo yale tuliyatazama yakiwa wazi mpaka mvua za Novemba.

Pili ni mbolea. Hapa ndipo wengi hukosea, na mimi nilikosea. Nyasi ikianza kupauka, mkono unakwenda kwenye urea. Urea itakupa kijani kizuri kwa wiki mbili, lakini inakupa majani laini, yenye maji mengi, na hayo ndiyo yanayoganda kwanza. Mwisho wa kuweka mbolea ya kukuzia kwetu ni katikati ya Aprili, tena kidogo. Baada ya hapo tunaweka potashi, ambayo husaidia nyasi kuhimili baridi na ukame. Wachezaji wanaopenda rangi ya kijani hulalamika mwezi wa saba. Huwa nawaeleza kwa upole kwamba nyasi iliyopauka imelala, haijafa.

Tatu ni kimo cha kukata. Msimu wa joto tunakata grini milimita 5. Kuanzia Mei tunapandisha hadi 7. Mpira unakwenda polepole, na wachezaji wazuri hawapendi, lakini jani refu kidogo linakamata jua zaidi na linakinga shina lake. Visu vya mashine lazima viwe vikali kweli, maana jani lililochanwa badala ya kukatwa linakauka ncha, na baridi hupitia hapo hapo.

Maji nayo yana saa zake. Kipupwe chetu ni kikavu, hilo wenzetu wa Ulaya hawana. Udongo mkavu haushiki joto. Udongo wenye unyevu hulibeba joto la mchana na kulitoa usiku kidogo kidogo. Kwa hiyo tunamwagilia, lakini asubuhi saa nne mpaka saa sita, ili jani liwe limekauka jua linapozama. Kumwagilia jioni ni kuita matatizo mawili kwa mkupuo: sakitu, na ugonjwa wa ukungu wa nyasi unaoacha mabaka ya duara kama sahani.

Kwa habari ya ugonjwa huo, chombo chetu kikubwa ni mwanzi. Iringa hakuna asiyeujua mwanzi, ingawa wengi wanaujua kwa ajili ya ulanzi, pombe yake. Tunachagua uliokomaa, mrefu mita nne hivi, mwembamba na mnyumbufu upande wa ncha, tunauanika mpaka uwe mwepesi. Alfajiri isiyo na sakitu, kijana anasimama katikati ya grini na kuuzungusha mwanzi juu ya nyasi, huku na huku, kama anayefyeka bila kukata. Umande unaanguka, na nyuma ya mwanzi unaona nyasi ikibadilika kutoka fedha kuwa kijani, mstari kwa mstari. Grini moja dakika tano. Nyasi inakauka mapema kwa saa mbili, na mabaka yamepungua sana tangu tuanze kufanya hivyo kila siku bila kuruka. Siku ya sakitu mwanzi unabaki bandani. Hauguswi.

Baada ya hayo, kinachobaki ni kugawa miguu. Kwa kuwa nyasi haijitibu, hakuna sehemu inayoruhusiwa kukanyagwa siku mbili mfululizo kama naweza kuzuia. Msimu wa mvua tunahamisha shimo mara tatu kwa wiki. Kipupwe tunalihamisha kila siku ambayo kuna wachezaji. Shimo lenyewe ni la upana wa milimita 108, lakini eneo linalochakaa kulizunguka ni kama meza ya watu wanane. Tii tunazisogeza mbele au nyuma. Tunafunga kamba kwenye njia za makedi, wiki hii kushoto, wiki ijayo kulia. Vipande vinavyong'olewa na fimbo huko njiani tunavijaza mchanga na udongo siku ile ile. Nimesoma kwamba huko St Andrews, Uskoti, kwenye uwanja wao mkongwe, miezi ya baridi wachezaji hubeba kijimkeka, wakaweka mpira juu yake kabla ya kupiga, ili wasiumize nyasi, na Jumapili uwanja hupumzishwa. Niliposoma hivyo nilifurahi sana. Kama watu wa huko, ambako mchezo huu ulikulia, wanaweza kumwambia mchezaji asubiri au abebe mkeka, sisi tunaona haya ya nini?

Ingawa baridi yao si yetu. Kwao ardhi yenyewe huganda kwenda chini, na hatari yao kubwa ni pale juu panapoyeyuka huku chini bado pagumu, mguu ukiteleza unakata mizizi. Kwetu ni jani tu linaloganda, na ifikapo mchana watu wanacheza na mikono mifupi. Hii ni neema. Tunachoombwa ni subira ya saa mbili.

Baada ya mwaka wa zile nyayo niliomba kikao na kamati. Sikwenda na maneno mengi. Nilikwenda na picha za grini ya nne za Julai, Agosti na Septemba, na hesabu ya vibarua tuliowalipa kupandikiza vipande vya ukoka mvua zilipoanza. Nikaomba jambo moja: kwamba kuanzia Juni hadi Agosti, anayefungua uwanja asubuhi awe mtunza nyasi, si mwingine yeyote. Walibishana, kisha wakakubali. Sasa pale tii ya kwanza kuna mlingoti na vibendera viwili. Chekundu kikiwa juu, hakuna anayepita, awe mwanachama au mgeni. Cheupe kikipanda, karibuni.

Mwaka uliofuata walikuja wageni wengine, nao wana haraka. Saa moja na nusu walikuwa wameshavaa glovu. Mmoja, mzee wa makamo, alinifuata kwa hasira, akaniuliza kama najua wametoka mbali kiasi gani. Nikamwambia, shikamoo baba, twende nikuonyeshe. Nilimpeleka ukingoni mwa grini ya tisa, iliyo karibu na klabu, nikachuchumaa, naye akachuchumaa. Nilikuwa nimeacha kipande pembeni kabisa kwa kazi hiyo, ukubwa wa gazeti. Nikamwomba akiguse kwa vidole. Kikalia. Nikamwomba akibonyeze kwa kiganja, kisha aje akitazame atakaporudi kwenye shimo la tisa. Akabonyeza, akatazama mkono wake ulivyolowa, hakusema kitu. Tulirudi kibarazani wakanywa chai.

Saa tatu kasorobo nilishuka grini ya nne peke yangu. Jua lilikuwa limeingia kupitia kwenye lile pengo la ua na lilikuwa linatembea juu ya nyasi kutoka kulia. Upande lilipofika palikuwa na matone, upande ambao halijafika palikuwa bado peupe, na mpaka kati yao ulikuwa unasogea polepole, unauona kwa macho. Nililaza kiganja upande wa matone. Nyasi ilikuwa laini, baridi, imeinama kidogo. Nikasubiri mpaka weupe wa mwisho ulipoondoka chini ya mkaratusi, nikampungia mkono kijana aliyekuwa mlingotini, naye akapandisha kibendera cheupe.